Burl Haskew Anatafuna Nini?

Teague Hollow, Missouri
28 Machi 1920

Mdogo wangu Burl,

Nakuandikia nimekalia gunia la mahindi, maana viti vyote nimevisugua na viko nje vinakauka. Sisi wazima. Ozella ameota meno ya mbele na anauma kila kilicho karibu, baba yake Clete akiwa wa kwanza. Bado yuko kiwanda cha mbao, na kila jioni akirudi na vidole vyake vyote namshukuru Mungu kimyakimya, Clete asije akaringa. Baba naye yuko vizuri. Anachonga mataruma ya reli kama kawaida, ingawa siku hizi anachonga taratibu na hapendi mtu amsimamie pale akimtazama.

Ndani ya kifurushi hiki kuna gome la mti wa ute, lile la kutafuna mate yateleze. Amelimenya Baba mwenyewe kwenye ule mti wa chemchemi, maana utomvu umeanza kupanda na gome linavulika kama soksi. Anasema utafune vipande vidogo, usijaze mdomo kama ng'ombe. Na mate uyaweke kwenye vidole viwili tu, mpira usiupake kama unapaka siagi kwenye mkate. Najua unayajua haya. Yeye ndiye aliyekufundisha nyuma ya ghala, na aliyekuwa akidaka ni mimi, na kidole changu kilichopinda ndicho cheti changu. Lakini kasema niandike, nimeandika.

Sasa jambo lenyewe. Unamjua Harlan Pruitt wa dukani, kila treni ikileta gazeti analisoma kwa sauti hata kama hakuna aliyemwomba. Juzi akasoma kwamba wakubwa wa ligi ya besiboli wamepiga marufuku mpira wa mate. Kwamba msimu huu mrushaji akilowesha mpira anatolewa uwanjani. Nilimwambia anunue miwani. Lakini nimekuja nalo nyumbani na halinitoki.

Kama ni kweli, utarusha nini? Tusidanganyane. Mpira wako uliolowa unamfikia mpigaji kisha unadondoka kama umekatwa kamba, na ndio uliokupeleka kwenye ligi kubwa. Mpira wako mkavu hata Clete anaupiga, na Clete hawezi kumpiga kuku aliyelala. Nijibu hili kabla ya mengine yote.

Dada yako,
Leota


St. Louis
19 Aprili 1920

Dada Leota,

Barua yako ilinifuata Texas tulikokuwa mazoezini, ikanikosa, ikageuza kunitafuta huku. Usinikasirikie kwa kuchelewa, wa kukasirikiwa ni treni.

Mwambie Ozella mjomba wake ana kidole kigumu, akiisha kumtafuna baba yake ahamie kwangu. Mwambie Baba gome limefika salama na lina ladha ya nyumbani. Nimepanga kwa mjane mmoja, Bi Dunaway, mtaa wa nyuma ya uwanja. Anatupa maharage asubuhi, maharage jioni, na Jumapili anatupa maharage yenye kipande cha nyama ili tujue ni siku ya Bwana. Chumba nalala na mdakaji wetu, Tolliver, mtu mwema anayekoroma kama tanuri la chokaa.

Uwanja wenyewe mkubwa, Leota. Kichuguu anaposimama mrushaji ni kirefu kuliko nilivyodhani, na ukisimama pale watu wamekuzunguka mpaka juu. Bado sijarusha kwenye mechi yoyote. Nakaa kwenye benchi, natazama wakubwa wanavyofanya. Kocha, Bwana Lovick, ananijua jina, na wenzangu wananiambia hiyo si haba.

Nimesikia mvua imekuwa kubwa huko. Chemchemi haijafurika? Msalimie Clete.

Mdogo wako,
Burl


Teague Hollow
9 Mei 1920

Burl,

Hatujambo, chemchemi haijafurika, na nimefurahi kujua habari za maharage. Nilichokuuliza sicho ulichonijibu.

Nitakupa habari, kisha nakurudia. Nguruwe mweupe amezaa, na mmoja kamlalia akafa. Mke wa Harlan amenunua kofia yenye ndege mzima juu yake, na Jumapili mahubiri yote tulikuwa tunamtazama ndege. Baba ameongoza sala mbele ya kanisa zima, na alipofika kwenye kuwaombea walio mbali akakutaja jina lako lote kana kwamba Mungu angekosea akamtazama Burl mwingine. Barua yako nilimsomea mara mbili. Alisema herufi zako ni ndogo mno na yeye ana kazi.

Kifurushi kingine hiki hapa. Baba aliposikia lile la kwanza lina ladha ya nyumbani, kesho yake alirudi chemchemini na kisu. Kamenya mengi. Nilimwambia yanatosha, akasema mrushaji wa ligi kubwa hawezi kupungukiwa kama anayerusha dhidi ya vijana wa ng'ambo ya mto.

Haya, nakuuliza tena. Wamekataza mate au hawajakataza? Kama wamekataza, hilo gome unalifanyia nini? Usiponijibu nitapanda treni nije niulize kwa Bwana Lovick, na unajua nitakuja na mtoto anayeuma.

Leota


St. Louis
13 Juni 1920

Dada Leota,

Kaa chini kwanza. Usisome hii karibu na Baba.

Wamekataza. Ila kila timu imeruhusiwa kuandikisha warushaji wawili waliozoea mate, wamalize mwaka nayo. Timu yetu imeandikisha wawili wenye majina makubwa. Mimi nani ananijua? Bwana Lovick aliniambia mapema, tukiwa bado Texas: "Haskew, hapa utarusha mkavu au utarudi kuchonga mataruma." Sikuandika kwa sababu Baba alikuwa ameshanimenyea gome, na kila nilipoanza kuandika nilimwona ameinama pale chemchemini. Nikaona nitafute njia kwanza, habari baadaye.

Na njia imepatikana, Leota. Sheria inakataza kulowesha mpira. Kutafuna haikatazi. Sasa sikia.

Wiki iliyopita mrushaji wetu alipigwa vibaya, Bwana Lovick akatazama benchi, hakuona wa kumpa ila mimi. Niliingia na gome shavuni kwa sababu ya hofu tu, kinywa kilikuwa kimekauka. Nikasimama kwenye kichuguu, nikatafuna. Mpigaji wao ni jitu moja linaitwa Rademaker, mabega kama mlango wa ghala. Akaona taya zangu. Akajua mpira utadondoka. Nikarusha mkavu, umenyooka, wa kijinga kabisa, ule wa Clete. Jitu likapiga chini, mahali ambapo mpira ungekuwa kama ungelowa, likakosa. Mara ya pili hivyo hivyo. Akageuka kwa mwamuzi.

"Huyu analowesha."

"Umemwona?"

"Sijamwona, lakini tazama anavyotafuna. Mtu hatafuni hivyo bila nia mbaya."

Mwamuzi akaja, akauchukua mpira, akaugeuza, akausugua kwenye suruali yake. "Mkavu kama mahubiri ya mjomba wangu," akasema. "Rudi ukapige."

Mara ya tatu akakosa tena, na ukikosa ya tatu unatoka. Alipita karibu yangu akaniambia, "Meza hayo majani, mbuzi wewe." Tangu hapo timu nzima inaniita Mbuzi, na sasa hata mashabiki wa pale juu wakiniona nanyanyuka benchi wanalia meee. Sijali. Nimetumwa tena mara kadhaa na sijapigwa sana. Bwana Lovick anasema nikiendelea hivi nitabaki.

Kwa hiyo gome halijapotea bure. Linafanya kazi kuliko zamani, ila linaifanyia akilini mwa watu. Usimwambie Baba bado. Mwambie nimefurahi.

Burl


Teague Hollow
2 Julai 1920

Mdogo wangu,

Nilipoisoma barua yako nilicheka peke yangu jikoni mpaka Ozella akaanza kucheka bila kujua kwa nini. Siku iliyofuata kicheko kiliniisha.

Tulikuwa dukani, Baba na mimi na watu wa kawaida wa Jumamosi. Treni ikaleta gazeti, Harlan akapanda kwenye lile pipa lake. Alikukuta humo. Gazeti linasema kuna mrushaji kijana St. Louis, Haskew, ambaye wapigaji wa timu tatu wanalalamika kwamba analowesha mpira kinyume cha sheria, na kwamba waamuzi ama ni vipofu ama wamelala. Akaisoma yote kwa ile sauti yake. Kisha akaongeza ya kwake: "Dorsey, mwanao bado ana mate mengi." Watu wakacheka. Baadhi walicheka kwa mapenzi, nakwambia ukweli, walikuwa wanajisifu kwa ajili yako. Baba hakucheka. Aliuliza, "Imekatazwa?" Harlan akamwambia tangu Februari. Baba akatoka nje, akawa anatafuta kofia yake nayo iko kichwani.

Ilibidi nimweleze yote. Nilimsomea barua yako, hata yale ya mbuzi.

"Mpira ni mkavu, Baba. Mwamuzi ameushika."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi nyamaza. Gome nimemfundisha mimi. Nalijua ni la nini. Hakuna mtu anayetafuna ute ili arushe mkavu."

"Anawatania wapigaji tu."

"Kama analowesha ni mwizi. Kama haloweshi ni mwigizaji. Mimi nilimtuma akarushe."

Jumapili alipoitwa kuongoza sala alibaki ameketi. Mchungaji alimwita mara ya pili, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimekaa naye benchi moja na niliona aibu, si ya kwako, ya wale waliogeuka kumtazama. Tangu hapo hataki nimsomee barua zako. Nikizitaja, anatoka akachonge.

Sasa nakwambia mimi, si yeye. Mimi nakuamini. Lakini acha kutafuna. Mechi moja tu, Burl, kinywa wazi, kila mtu aone, na hao wa magazeti waandike hivyo, na Harlan apande pipani asome hivyo. Najua taya zako ndizo zinazokushikilia huko. Najua ninachokuomba. Katika bahasha hii hakuna gome.

Leota


St. Louis
20 Julai 1920

Dada,

Wote wazima, natumaini. Hapa joto limezidi, Tolliver analala kwenye ngazi za nje na mtaa mzima sasa unamjua.

Sijavunja sheria yoyote. Naomba hilo lisomwe kwa Baba hata kama amekimbilia mataruma yake, lisomwe kwa sauti dirishani. Kila mwamuzi wa ligi hii ameushika mpira wangu, ameunusa, mmoja ameukata kwa kisu atazame ndani. Mkavu. Mimi nimekuja huku nikiwa na kitu kimoja mkononi, wakaninyang'anya kabla sijakitumia, nikatengeneza kingine kwa meno yangu mwenyewe. Nani mwingine angefanya hivyo? Baba angekuwa mahali pangu angeweka taya mfukoni arudi nyumbani?

Unaniomba niache kutafuna kwa mechi moja. Mechi moja ndiyo yote niliyonayo, Leota. Wenzangu wakipigwa leo wanapewa kesho. Mimi nikipigwa leo, kitanda changu kwa Bi Dunaway kina mtu mwingine kesho. Bwana Lovick amesema mwezi ujao ataniacha nianze mechi tangu mwanzo hadi nitakapoanguka. Hiyo nimeisubiri tangu ulipokuwa unadaka ukiwa na glavu ya Baba iliyojazwa manyoya ya kuku. Sitaiingia nikiwa nimejifunga mikono.

Nitaendelea kutafuna. Lililobaki kwenye kifurushi cha pili linatosha.

Na kama Baba ananishtaki, aniandikie mwenyewe. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu na wako. Kwa nini kila neno lake linapitia kwako? Zamani hata orodha ya misumari alikuwa haachi mtu amwandikie.

Burl


Teague Hollow
8 Agosti 1920

Burl,

Tunaendelea vizuri. Ozella anasimama akishika kiti.

Umeuliza swali na mimi si kama wewe, nitalijibu. Baba haandiki kwa sababu haoni. Lilianza wakati wa baridi, jicho moja, kisha la pili likalifuata. Anaona mwanga wa mlango na anaona kama kuna mtu, hajui nani mpaka aseme. Mataruma anachonga kwa kupapasa, Clete anakwenda baadaye kuyanyoosha, na wote wawili wanajifanya hawalijui hilo. Alinikataza kukuandikia. Alisema mrushaji anatakiwa awe na kitu kimoja tu kichwani.

Gome la kifurushi cha pili alilimenya akiwa haoni. Unajua yeye humenya upande mmoja, akaacha upande wa pili upumzike mti usife. Safari ile alipapasa, akazunguka, hakujua kwamba amezunguka. Mimi niliona nilipokwenda kuteka maji, mti umevuliwa pande zote kama mtu asiye na shati. Julai majani yalikuwa ya njano. Sasa yameanguka. Hajaniuliza, na mimi sijamwambia, lakini juzi nilimkuta amesimama chini yake na uso ameuinua, na jua linampiga mahali ambapo miaka yote palikuwa kivuli. Nadhani anajua.

Sikuombi tena kitu. Nilikuomba mara moja, ukanijibu, na jibu nililielewa. Rusha utakavyorusha. Hapa utapikiwa vilevile.

Leota


St. Louis
30 Agosti 1920

Dada Leota,

Nimekaa na barua yako siku nyingi bila kujua pa kuanzia. Nitaanza na mechi, maana hilo najua kulisimulia.

Bwana Lovick alitimiza neno lake, nikaanza mimi. Asubuhi Tolliver aliniona nakitoa kile kifurushi mfukoni na kukiweka juu ya dirisha la Bi Dunaway.

"Umesahau majani yako, Mbuzi."

"Sijasahau."

"Unaumwa?"

"Leo narusha kinywa kitupu."

"Unajua wale ni akina Rademaker?" Nikamwambia najua. Akasema basi atakula chakula cha asubuhi mara mbili, kwa sababu itakuwa siku ndefu ya kuokota mipira nyuma ya ukuta.

Kabla sijarusha hata mmoja nilitembea mpaka kwa mwamuzi, nikavua kofia, nikafungua kinywa kama farasi anayeuzwa. Nikainua ulimi. Nikamwambia aingize kidole akitaka. Uwanja ulicheka na wale wa juu wakaanza meee. Mwamuzi akatazama kweli, mtu yule ana moyo wa kazi. "Kitupu," akasema, kwa sauti hata waandishi wa magazeti wakasikia. Nikarudi kwenye kichuguu.

Na unajua nilichokigundua, Leota? Kiangazi chote nimekuwa nikirusha mpira mkavu na sifa nazipa taya. Kumbe mkono nao ulikuwa unajifunza pembeni bila kuniambia. Ule mpira wa Clete si wa Clete tena. Unaingia ndani kidogo mwishoni, si sana, lakini wa kutosha kumkosesha mtu shabaha. Rademaker alinipiga mara moja, akafika kituo cha pili, na mara nyingine nikamtoa. Alipopita hakuniita mbuzi. Alisema, "Leo huna kitu mdomoni," kana kwamba nimemkosea adabu. Tulishinda kwa pointi moja. Nilirusha mechi nzima, hakuna aliyekuja kunisaidia, na mpigaji wa mwisho alipokosa ya tatu Tolliver aliudaka mpira akaukumbatia na glavu yake, akakataa kumpa mwamuzi.

Huo ndio uliomo kwenye boksi hili. Usiufute. Usimsomee Baba chochote kwanza. Mpe mkononi tu.

Sasa habari mbaya, nisikufiche tena. Siku kadhaa baadaye nilianza mechi nyingine, nikatembea tena kwa mwamuzi, nikafungua kinywa tena, na wakanipiga kama wanapiga zulia. Hawakunionea, walikuwa wazuri kuliko mimi. Jioni Bwana Lovick aliniita. Napelekwa ligi ya chini, huko Kansas. Alisema huko bado wanaruhusu mate kwa waliozoea, niombe gome nyumbani na nitakuwa mfalme. Nilimwambia narusha mkavu. Akasema huo ni upumbavu, nami nikakubali kwamba huenda ni upumbavu, na bado nikasema narusha mkavu.

Sijui kama nitarudi huku juu. Nitarusha mpaka mkono uanguke, hilo ndilo ninalolijua. Mwambie Baba mti nimeumaliza mimi, si kisu chake. Ningekujibu mwezi wa nne, ungekuwa na majani hadi leo.

Mdogo wako,
Burl


Teague Hollow
19 Septemba 1920

Burl mdogo wangu,

Natumaini hii imekukuta Kansas na kwamba wanakupa kitu kingine zaidi ya maharage. Ozella ametembea. Alitoka kwa Clete akaja kwangu, akafika, akaniuma.

Boksi lilifika Alhamisi. Baba alikuwa kwenye baraza akinoa shoka. Nilimwekea mpira mkononi. Akaacha shoka. Aliugeuza, akafuata mshono kwa kidole gumba kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaunusa. Kisha akaulamba. Akaugeuza, akaulamba na upande wa pili, taratibu, kama anayeonja mchuzi ambao tayari amesikia unasifiwa.

"Jasho," akasema. "Udongo. Ngozi ya farasi. Ute haumo."

"Haumo, Baba."

"Nisomee."

Nikamwuliza ipi. Akasema zote, kuanzia ya kwanza. Nilimsomea mpaka sauti ikaniisha. Nilipofika kwa mbuzi alicheka, Burl, nilikuwa nimesahau kwamba meno yake ya nyuma hayapo. Nilipofika kwenye mti alininyamazisha, akasema mti ni wake na kisu ni chake na wewe usichukue visivyo vyako. Hataki ukatwe mpaka urudi msimu ukiisha, muukate pamoja. Na anasema unabana sana kidole gumba, ameuona mkwaruzo kwenye ngozi. Legeza.

Jumamosi akasema nimfikishe dukani. Aliweka mkono begani kwangu njia nzima, jambo ambalo hajawahi kukubali, na mpira ulikuwa mfukoni. Watu walikuwepo wote. Gazeti lilikuwa limefika, na Harlan alikuwa juu ya pipa lake.

"Harlan," Baba akasema, "shuka."

Akashuka. Baba akanyoosha mkono wenye mpira, pembeni kidogo ya mahali Harlan alipokuwa, na hapo ndipo wengi walipojua kuhusu macho yake. Harlan akasogea mwenyewe mpaka mpira ukawa mbele yake.

"Huu ndio aliomaliza nao mechi," Baba akasema. "Lamba."

"Dorsey, mimi nilikuwa natania tu."

"Lamba, Harlan."

Harlan akatutazama, akamtazama mkewe mwenye ndege kichwani, naye mkewe akamwambia alambe. Akaulamba.

"Una ladha gani?"

"Mkavu," Harlan akasema, kwa sauti ndogo.

"Si kwa sauti hiyo," Baba akasema. "Panda pipani. Sema kwa ile sauti unayosomea gazeti."

Akapanda, akasema. Leo asubuhi Mchungaji alipomwita kuongoza sala, Baba alisimama.

Leota